Mwongozo kamili: kula na kuishi mjini Ubelgiji ukiwa mwanafunzi umetoka Bongo

Kila mwaka ikifika mwezi wa nane naanza kuulizwa maswali yale yale na watu waliopata nafasi ya kuja kusoma huku. Wanakula nini, ugali unapatikana, nyama ni halali au siyo, watu wakoje. Nimeona niandike yote sehemu moja. Mimi nipo Leuven, masters, nimetokea Tanga, kwa hiyo mengi ni ya Leuven na Brussels, wa Ghent na Antwerp mtageuza kidogo tu, wa Liège na Louvain-la-Neuve kwenu ni Kifaransa badala ya Kiholanzi lakini sahani ni ile ile.

Kuna kitu kimoja ukikishika mapema mengine yote yanakuwa mepesi, nacho ni kwamba huku kila kitu kina saa yake na saa ikipita ndo imepita. Kula kuna saa, duka lina saa, takataka zina siku, hata rafiki ana tarehe. Sisi tumezoea njaa ndo inaamua, ukiisikia saa tisa mchana unaenda kwa mama ntilie wali maharage upo, ukiisikia saa tano usiku muuza chipsi yupo kona pale anakusubiri. Huku njaa ya saa tisa mchana ni shauri yako mwenyewe.

Masaa nayataja kwa Kiswahili, ila mabango yote huku wanaandika kwa mtindo wa 24, kwa hiyo 18:00 ni saa kumi na mbili jioni na 22:00 ni saa nne usiku. Wa kupiga simu nyumbani: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi Tanzania ipo mbele masaa mawili, miezi mingine saa moja tu.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza, kabla ya mambo ya tumbo

Uwanja wa ndege upo Zaventem, treni inapita chini yake, na kwenda Leuven ni kama robo saa tu, usikubali kuingia teksi. Soketi za huku ni za matundu mawili ya mviringo na kipini kimoja kimechomoza katikati, chaja yako ya pini tatu nene haiingii, nunua adapta mapema.

Una siku nane za kazi kwenda kujiandikisha ofisi ya mji. Ukishajiandikisha polisi wa mtaa anakuja nyumbani kuhakikisha kweli unaishi pale, na hapa ndo watu wanakwama: andika jina lako kwenye kengele ya mlango na kwenye boksi la barua siku ile ile unayohamia. Karatasi na kalamu inatosha. Asipoona jina anaondoka, na kadi ya ukaazi inachelewa, na bila kadi akaunti ya benki inasumbua, na kila kitu kinasogea mbele. Alafu jiunge na bima ya afya, wanaita mutualiteit, upande wa Kifaransa mutualité, ziko kadhaa, yoyote ni sawa. Ukienda kwa daktari mara nyingi unalipa kwanza alafu wao wanakurudishia sehemu kubwa. Na ukifungua akaunti hakikisha umepewa kadi yenye Bancontact, mfumo wa malipo ya kadi wa huku, kuna vibanda na mashine ambazo Visa ya nyumbani haziitaki kabisa.

Hatua ya 2: Kot, na jiko lenye watu saba

Chumba cha mwanafunzi wanaita kot. Leuven jiandae kuanzia euro mia nne na kitu kwenda juu, pamoja na pesa ya dhamana ambayo unarudishiwa ukiondoka kama hujaharibu. Usitume hata senti moja kwa mtu uliyemuona mtandaoni tu eti yuko nje ya nchi atakutumia funguo kwa posta, huo ni utapeli na kila Septemba kuna mgeni analizwa. Chuo kina ofisi ya nyumba, anzia hapo.

Jiko kwenye kot nyingi ni la kushirikiana, kila mtu ana rafu yake kwenye friji na kabati lake. Wenzako watakuwa wanapika tambi na pesto, dakika kumi wamemaliza. Wewe ukianza kukaanga kitunguu cha pilau kikolee mpaka rangi ile yenyewe unashika jiko saa nzima na king'ora cha moshi kinalia jengo zima linatoka nje. Kwa hiyo washa feni ya juu ya jiko kabla hujaweka mafuta, funga mlango wa korido, na dagaa usikaange siku ya wiki.

Siku ya kupika ni Ijumaa. Wanafunzi wa Kibelgiji karibu wote wanarudi kwa wazazi wao kila wikiendi, Ijumaa mchana Bondgenotenlaan, ile barabara ya kwenda stesheni, inajaa vijana wanaburuta mabegi ya magurudumu, mengi yamejaa nguo za kufua. Mpaka Jumapili jioni jiko ni lako peke yako. Pika maharage, pika mchuzi, pika kisamvu, gawanya kwenye vikontena, andika jina, weka friza. Jumapili usiku wanarudi na wao wana vikontena vyao vya mama, kila mtu anapasha moto chake kwenye mikrowevu na heshima inakuwepo. Mgeni asipojua hili wikiendi ya kwanza inamkalia vibaya, mji umejaa Alhamisi usiku hulali kwa kelele, Jumamosi kimya anadhani kuna msiba.

Hatua ya 3: Zoea kwamba mchana ni mkate

Hii ndo inayowaumiza wabongo kuliko baridi. Mbelgiji wa kawaida anakula chakula cha moto mara moja tu kwa siku, jioni, kuanzia saa kumi na mbili. Asubuhi mkate, mchana mkate tena, wa baridi, kafungua kiboksi chake cha plastiki kwenye korido ya maabara kuna slesi nne za mkate na jibini, au na chokoleti ya kupaka, mtu mzima profesa kabisa anakula mkate na chokoleti saa sita mchana bila wasiwasi.

Una njia tatu. Kwanza, mkahawa wa wanafunzi, Leuven unaitwa Alma, bei nafuu ukionyesha kadi ya mwanafunzi, spageti yao ndo imelea vizazi. Nenda mapema kuanzia saa tano na nusu, ukichelewa foleni inatoka nje. Pili, beba kontena lako la wali na utafute mikrowevu ya idara, zipo, uliza. Tatu, kubali mkate lakini kula mkate wa maana. Nenda duka la mikate, siyo ule wa supamaketi uliofungwa kwenye nailoni, chagua mkate, muuzaji anakuuliza kama aukate, unasema ndiyo, anauweka kwenye mashine inatetemeka sekunde chache unatoka slesi zote sawa sawa. Au nunua broodje, mkate mrefu umepasuliwa katikati umejazwa. Smos ndo ya kuanzia nayo: jibini, yai, nyanya, saladi, mayonesi, na kwa kawaida hamu, yaani paja la nguruwe, kama huli sema tu ya jibini.

Tahadhari hapo hapo kwenye kioo cha broodje. Kuna kitu chekundu laini kama cha kupaka, wanakiita américain au prépa, na broodje ya martino nayo inacho. Ile ni nyama ya ng'ombe mbichi imesagwa ikachanganywa na mayonesi na viungo. Wao wanakula tangu utotoni na hawaumwi, ni nyama safi ya siku ile, lakini ujue unachoagiza.

Mikahawa nayo ina saa zake, jiko linafunguliwa saa sita mpaka saa nane mchana, linafungwa, linafunguliwa tena saa kumi na mbili mpaka saa tatu au nne usiku. Katikati hapo utapewa kahawa na keki. Na ukikaa mezani maji ya bure usitegemee, chupa ndogo ya maji inaweza kukaribia bei ya bia. Nyumbani kwako kunywa ya bomba bila wasiwasi, ni salama, yana chokaa tu, birika lako litaota gamba jeupe ndani, mwaga siki chemsha litatoka.

Hatua ya 4: Chipsi, na hapa tutakaa kidogo

Mbongo anajiona anajua chipsi. Mimi nasema wazi, na watu wa Tanga mnisamehe, hawa jamaa wametuzidi, na siri yao siyo kubwa.

Kibanda kinaitwa frituur au frietkot, upande wa Kifaransa friterie, kipo karibu kila kijiji. Unaingia kwenye foleni, mbele yako kuna kioo, nyuma ya kioo vimepangwa vitu virefu, vya mviringo, vya kwenye kijiti, bado havijakaangwa. Achana navyo kwanza. Unataja saizi, klein ni ndogo, na ndogo yao inamtosha mtu mzima mwenye njaa. Viazi vilishakaangwa mara ya kwanza kwenye mafuta ya moto wa kiasi, vimeiva ndani lakini bado vyeupe, vimepoa kwenye chano. Sasa anavirudisha kwenye mafuta makali, kama nyuzi 180, dakika chache tu, anatingisha kikapu huku anaongea na mteja mwingine, anasikilizia, vikianza kugongana kwa mlio mkavu anavimwaga kwenye bakuli kubwa la chuma, chumvi, anavirusha juu vinageuka hewani, anavitia kwenye karatasi na kauma kadogo. Nje vinavunjika, ndani ni laini. Za kwetu zinakaangwa mara moja na nyingi zinatoka zimelegea, tofauti yote ni hiyo mara ya pili na aina ya kiazi, wengi wanatumia bintje.

Na mafuta. Wenye kibanda wa jadi wanatumia ossenwit, mafuta ya ng'ombe, Kifaransa blanc de bœuf, ndo yanaleta ile harufu. Kama unafuata halali uliza kabla hujaagiza, vibanda vingi sasa vinatumia mafuta ya mimea, na maduka ya Waturuki na Wamoroko yapo yenye kibao cha halal. Uliza pia kama wanakaanga soseji kwenye mafuta hayo hayo.

Sosi inalipiwa mbali. Ukisema chipsi bila kutaja sosi anakuangalia kama umesahau kuvaa viatu. Mayonesi ndo ya kawaida yao. Andalouse ni mayonesi yenye nyanya na pilipili hoho. Samurai watakuonya kuwa ni kali, usiogope, ni kali kwa Mbelgiji. Ninayoisifu mimi ni mchuzi wa stoofvlees, mchuzi mzito wa nyama wanaumwagia juu ya chipsi, ila unapikwa na bia, kwa hiyo kila mtu na msimamo wake. Chipsi mayai hakuna, zege hawalijui kabisa, nunua chipsi kavu ukafanye mwenyewe kot, na nakuhakikishia wenzako wa jikoni watataka kuonja.

Vile vitu vya nyuma ya kioo: frikandel ni ya nyama ya kusaga ya kuku na nguruwe mara nyingi, bitterballen ni vidonge vya mchuzi mzito ndani, vinaunguza ulimi. Brussels na Wallonia, upande wa Kifaransa, wana mitraillette, mkate mzima umejazwa nyama, sosi na chipsi humo humo ndani, chakula cha mwanafunzi aliyetoka disko, ukila mchana hutafanya kitu tena.

Hatua ya 5: Vyakula vyao vingine, na nguruwe anavyojificha

Stoofvlees yenyewe, upande wa Kifaransa wanaita carbonade, ni nyama ya ng'ombe imechemka taratibu kwenye bia nyeusi na vitunguu, tamu tamu, inakuja na chipsi. Waterzooi ni ya Ghent, mchuzi mweupe wa krimu wenye kuku au samaki, wa kumpa mgonjwa. Vol-au-vent kuku na uyoga kwenye kikombe cha unga uliookwa. Stoemp ni viazi vya kuponda pamoja na karoti au liki, ni chakula cha baridi kali na hakina makuu. Witloof ni mboga nyeupe inaoteshwa gizani, ni chungu, wanaizungushia hamu na sosi ya jibini, kuipenda mpaka ukae.

Kome wa baharini usiache kuwala, msimu wao ni kuanzia kama Julai mpaka majira ya baridi yanapoisha. Unaletewa sufuria nyeusi nzima ya peke yako, kama kilo, wamechemshwa na selari na kitunguu. Uma unaweka pembeni: unakula wa kwanza kwa mkono, alafu ganda lake tupu ndo linakuwa koleo la kuchomolea wengine wote. Maganda unatupa kwenye mfuniko wa sufuria. Kuna wa mvinyo mweupe na kuna wa kawaida, uliza.

Sasa nguruwe. Hajifichi kwenye hamu, hiyo unaiona. Anajificha kwenye nyama ya kusaga. Huku nyama ya kusaga ya kawaida ni mchanganyiko, nguruwe na ng'ombe au ndama, kwa hiyo ile spageti, zile meatball za sosi ya nyanya, hata vidonge vya nyama vinavyowekwa kwenye vol-au-vent, usidhani ni ng'ombe. Kwenye pakiti soma neno rund, kwa Kifaransa bœuf, liwe peke yake, ukiona varken au porc rudisha. Spek ni mafuta ya nguruwe ya kukaushwa, wanayanyunyiza kwenye stoemp, kwenye supu ya njegere, kwenye maharage mabichi. Pipi za kutafuna na mtindi fulani zina gelatine, nayo mara nyingi ni ya nguruwe. Paard ni farasi, konijn ni sungura, na pensen ni soseji ya damu. Ghent walianza Alhamisi za bila nyama mwaka 2009, kwa hiyo kule kusema huli nyama ni jambo la kawaida kabisa, na ukiwa na mashaka popote agiza ya mboga.

Vitamu nipite haraka. Waffle ya Brussels ni ya mstatili, nyepesi, unga wa sukari juu basi. Ya Liège ni ndogo, nzito, ina vipande vya sukari ndani vinavyoungua vikawa karameli, inaliwa hivyo hivyo mkononi bila kuipaka kitu. Zile zenye mlima wa krimu na matunda karibu na Manneken Pis, ile sanamu ya mtoto anayekojoa, ni za watalii na bei ni ya watalii. Praline, chokoleti yenye kujazwa ndani, ilibuniwa Brussels na Jean Neuhaus mwaka 1912, unanunua kwa uzito, unachagua moja moja kwa kidole, hata gramu mia wanakupimia bila kukukunjia uso. Kakao yenyewe haioti huku, Kyela wanalima, chokoleti tunakuja kununua huku. Basi.

Hatua ya 6: Kununua, kutoka Colruyt mpaka Matonge

Wiki nzima: supamaketi za Aldi, Lidl na Colruyt ndo za mwanafunzi. Colruyt maziwa na nyama vipo kwenye chumba kizima cha baridi unaingia na kitoroli chako, nenda na koti. Delhaize ni nzuri ila bei inauma, lakini jioni angalia stika za punguzo kwenye vitu vinavyokaribia tarehe. Beba mfuko wako. Chupa nyingi za bia za glasi zina dhamana, unazirudisha kwenye mashine unapata karatasi ya punguzo. Maduka mengi saa mbili usiku yamefungwa, na Jumapili mengi hayafungui au yanafungua nusu siku. Dharura ya usiku ni nachtwinkel, dukani kwa Mhindi au Mpakistani, bei juu lakini unga wa ngano upo. Leuven kuna soko la Ijumaa uwanja wa Ladeuzeplein, pale mbele ya maktaba ya chuo, iliyojengwa baada ya ile ya zamani kuchomwa na Wajerumani mwaka 1914, nayo ikaungua 1940.

Mara moja kwa mwezi nenda Brussels. Usichanganyikiwe na stesheni, ziko tatu kubwa, Noord, Centraal na Zuid, na Zuid kwa Kifaransa ni Midi, ni stesheni moja. Shuka Centraal, chukua metro mpaka Arts-Loi, badilisha mstari wa 2 au 6, shuka Porte de Namur. Hapo kuna uwanja wa Patrice Lumumba, uliopewa jina hilo tarehe 30 Juni 2018, na ukivuka tu upo Matonge, jina limetoka Matonge ya Kinshasa.

Utasikia Kilingala zaidi, lakini Kiswahili kipo, Wakongo wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, Warundi, Wanyarwanda. Salimia kwanza, "habari ya leo mama", usianze na bei, anayejua kuwa wewe ni mtu wa Kiswahili atakuonyesha lililo zuri na kukuambia lipi limekaa sana. Kisamvu uliza sombe au pondu, kiko kimetwangwa tayari kwenye friza. Ndizi za kupika, mihogo, bamia, majani ya viazi, pilipili mbuzi, samaki wa chumvi wanaoita makayabu, dagaa wakavu. Kuku wa kienyeji hutampata kwa jina hilo, uliza *poule dure*, kuku mkubwa aliyeacha kutaga, mgumu, chemsha saa moja na nusu na tangawizi, mchuzi wake utakutoa machozi. Supamaketi za Leuven naye yupo, anaitwa soepkip, na ni bei rahisi kwa sababu wao wanamtoa supu tu.

Unga wa ugali chagua kwa macho. Polenta ya supamaketi ni ya njano na chenga, inakuwa uji mzito. Ule mweupe wa pakiti wa Walatini wa kutengenezea arepa umeshapikwa kiwandani, ukisonga unanata kama gundi haushikani vizuri. Unachotaka ni unga mweupe mbichi wa mahindi, tazama pakiti imeandikwa unga mweupe na siyo semolina, tena saga kati ya vidole kama pakiti ina upenyo.

Nyama ya jumla na mboga nyingi nenda Abattoir, soko la machinjioni, la Anderlecht huko huko Brussels, Ijumaa, Jumamosi au Jumapili asubuhi, lango lina mafahali wawili wa shaba huwezi kupotea, nyama ya halali ipo nyingi. Jumapili pia kuna soko la Midi pembeni ya stesheni, ukifika wanapokaribia kufunga, kama saa saba mchana, wanaanza kupiga kelele boksi zima euro moja, hapo ndo wanafunzi watatu mnachangishana mnagawana nyanya.

Ukiwa Brussels na una muda, tram ya 44 kutoka Montgomery inakatiza msituni mpaka Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika lililofunguliwa upya Desemba 2018. Kabla ya kuingia pitia kanisani pale mjini, nje yake kuna makaburi ya Wakongo saba, kati ya mamia walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kama kivutio. Ukienda nenda na mtu wa kuongea naye njiani kurudi.

Hatua ya 7: Kuzunguka mjini bila faini

Leuven ni baiskeli. Duka la Velo linakodisha kwa mwaka wa masomo, inakuja na kufuli. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, Desemba jua linazama kama saa kumi na dakika arobaini jioni, na polisi wanakaa kona wanasubiri wasio na taa. Anayetokea kulia ana haki ya kupita kwanza kama hakuna kibao kingine, hata akitokea kichochoroni, na hii ndo inagongesha wageni. Mawe ya barabarani yakilowa yanateleza, na yatalowa. Simu mkononi ukiendesha ni faini, na ukiwa umelewa ni faini kubwa zaidi.

Treni ni za kampuni moja nchi nzima, chini ya miaka 26 kuna bei ya vijana, tazama kwenye apu. Mabasi ni tofauti, Flanders, upande wa Kiholanzi, ni De Lijn, Brussels STIB, Wallonia TEC, tiketi haziingiliani hivi hivi. Na majina ya miji yanabadilika treni ikivuka mpaka wa lugha: Liège ni Luik, Mons ni Bergen, Namur ni Namen, na Lille ya Ufaransa kwenye ubao inaandikwa Rijsel, watu wameshaachwa na treni kwa kutafuta Lille.

Takataka: mifuko ni ya kununua, mifuko rasmi ya mji, uliza kaunta ya supamaketi kwa sababu inafichwa nyuma ya keshia. Ya bluu ni ya plastiki, makopo na maboksi ya maziwa. Chupa za glasi zisizo na dhamana unapeleka kwenye mapipa yake ya mtaani, mchana, siyo usiku maana ni kelele. Kila mfuko una siku yake, kalenda inabandikwa jikoni, ukitoa siku isiyo yake faini inakuja kwa jina.

Hatua ya 8: Watu

Siyo wabaya, wana ratiba. Ukimwambia Mflemishi, yaani mtu wa Flanders, "tukutane siku moja" anatoa simu anafungua kalenda anakwambia tarehe 23, wiki tatu mbele, na tarehe 23 anakuja kweli, kwa dakika. Wewe ukichelewa nusu saa umeharibu. Kupita kwa mtu bila taarifa hakuna. Siku yako ya kuzaliwa wewe ndo unaleta keki darasani au ofisini, ukisubiri wao wakuletee utasubiri mpaka uhitimu.

Oude Markt ya Leuven ni uwanja wa baa tupu, mlango kwa mlango. Bia wanaziheshimu kiasi kwamba UNESCO iliziorodhesha mwaka 2016 kama urithi, kila bia na glasi yake. Mnywaji aangalie asilimia kwanza: Stella ni kama tano, Duvel ni 8.5, Westmalle Tripel 9.5, chupa mbili za hizo siyo Safari mbili. Wanazungushiana kununua, ukikubali ya mwenzako zamu yako itafika. Usiyekunywa sema cola, hakuna atakayekuuliza kwa nini. Nafasi nzuri ya kupata marafiki wageni wenzako ni Pangaea pale Leuven mjini, jumba la wanafunzi wa kimataifa.

Desemba usipange kitu na mwanafunzi yeyote, ni blok, kipindi cha kujisomea mtihani wa Januari, wanapotea kabisa, Krismasi yenyewe wanaila na vitabu. Mwaliko weka Februari au Oktoba.

Na ukiwaalika wewe, pika pilau, siyo ugali, ugali uje mara ya pili. Uliza wiki moja kabla nani hali nyama, lazima yupo mmoja au wawili, na nani ana aleji ya karanga. Pilipili na kachumbari weka bakuli la pembeni. Ukisema saa kumi na mbili na nusu watagonga mlango saa kumi na mbili na nusu, sufuria iwe imeshafunikwa. Watakuja na praline au maua. Saa nne wataanza kuangalia saa kwa sababu kesho kuna shule, na vyombo watataka kuosha wao, waache waoshe.